Re: Kubadilisha kioo cha mlango wa Probox mwenyewe

Mkuu, kioo kilichovunjwa unabadilisha mwenyewe kabisa, hicho hakijagundishwa kwa gundi kama kile kikubwa cha mbele ya dereva, kimefungwa na bolti mbili za spana namba 10 kwenye regulata (ule mtambo wa kupandisha na kushusha kioo). Ila kabla ya yote ufyonze zile chenga ndani ya mlango, yani zote, maana zinajificha chini na kwenye mpira wa reli, ukiziacha zitakuchubua kioo kipya na kelele utazisikia kila ukifunga mlango.

Toa kava la mlango (kuna skrubu nyuma ya mkono wa kufungulia, zingine ni pini za plastiki, vuta taratibu zinakatikaga hizo), bandua ile nailoni usiichane, inazuia maji. Chomeka tena swichi ya kioo, shusha regulata mpaka bolti zionekane kwenye matundu. Kioo kipya unakiingizia juu kikiwa kimeinama kidogo mbele, kikikaa kwenye reli funga bolti kwa mkono tu, pandisha mpaka juu kikae sawa ndo ukaze, na usikaze kwa hasira kitapasuka. Cha used kinatosha, hakikisha tu ni cha upande huohuo.