Mhusika Akishtuka, Chagua Alama Moja

Ukurasa wa tisa wa hadithi yangu ya kwanza ya katuni ulikuwa na mama anayepokea simu ya msiba. Nilikuwa nimesoma manga, katuni za Kijapani, kwa miaka, nikajua kwamba aliyeshtuka huchorewa tone kubwa la jasho kando ya kichwa. Nikalichora. Nikamwekea na macho meupe, na mdomo wazi. Dada yangu alipofika hapo akaangua kicheko. Ukurasa huo niliuchora nikiwa na donge kooni! Nikamuuliza anacheka nini, akaligusa lile tone kwa kidole.

Tangu siku hiyo alama hizi nazisoma kama maneno. Wajapani huziita manpu, na kila moja ina uzito wake. Tone kubwa ni la aibu na vichekesho, kama rafiki yako kasema upuuzi mbele za watu. Jasho jembamba la hofu huchorwa kwa vitone vidogo vinavyoteleza shavuni. Mistari ya wima inayoshuka kwenye paji la uso ni damu iliyokimbia usoni. Kwenye anime, filamu za katuni za Kijapani, sehemu hiyo hupakwa bluu, maana Kijapani kina kitenzi aozameru, kugeuka bluu, pale ambapo sisi tungesema uso umesawijika. Gaan, neno linaloandikwa ndani ya fremu kwa herufi nene, ni mlio kama wa kengele iliyogongwa kichwani mwa mtu. Msibani usiiweke.

Macho meupe yana mtego. Suzue Miuchi, aliyeanza manga ya Garasu no Kamen mwaka 1976, huyatumia kwa mshtuko mzito kabisa: mboni zikitoweka, mhusika haoni tena kilicho mbele yake. Lakini ukiyaongezea mdomo uliopanuka hadi kidevuni, umeshahamia kwenye vichekesho.

Fremu yangu niliichora upya. Tone nikaliondoa. Nikavuta mistari kwa rula kutoka kingo za fremu kuelekea kichwani, minene inapoanza na myembamba kama sindano inapoishia, nikaibananisha mpaka kule ukingoni ikaungana kuwa weusi mtupu. Mama akabaki ndani ya uwazi mweupe uliozungukwa na miiba. Hiyo ndiyo beta furasshu. Usianzie upande wa kichwa: wino hujikusanya pale nibu, ncha ya kalamu, inapotua, na ncha uliyotaka iwe kali inavimba.

Macho meupe nayo nikayarudishia mboni, mdomo nikaufunga. Mkono nikauacha umeshika kikombe cha chai vilevile kama kwenye fremu iliyotangulia, kwani aliyepigwa na butwaa hakumbuki hata alichoshika. Na hiyo fremu iliyotangulia ifanye tulivu, bila mstari hata mmoja wa kuonyesha kasi, la sivyo weusi utakaofuata hautamgusa msomaji.

Dada aliposoma tena alinyamaza. Kisha akarudi kurasa mbili nyuma, kumtafuta aliyekufa.