Bei ya petroli ng'ambo ya ziwa, na nani hasa anakula faida ya mafuta

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni tajiri mdogo wa dagaa hapa Ukerewe, na mashine zangu zinakunywa petroli kila usiku wa giza. Kwenye kundi letu la simu imetumwa orodha ya bei za petroli duniani, na inaonyesha kuna nchi wanajaza tangi kwa bei ya soda, huku sisi tukiumia. Mwenzangu mmoja anasema tofauti hiyo yote inaingia mfukoni mwa wenye vituo, na kwamba bomba la Uganda likikamilika tutapumua. Mwingine ananishauri ninunue madumu yanayoletwa mwaloni usiku, maana ni rahisi kuliko kituoni. Je, kwa nini bei zinatofautiana hivi, na nani anafaidi?

JIBU: Marahaba. Orodha hiyo ya bendera na bei naifahamu vizuri, kwa sababu hunifikia karibu kila mwezi EWURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inapotangaza bei mpya, ikiwa imeambatana na hitimisho lile lile kwamba tofauti kati ya nchi na nchi ni kipimo cha wizi. Hitimisho hilo si sahihi. Nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa ndilo linalowafungulia mlango wauza madumu.

Mafuta ghafi hayana bei ya Mtanzania na bei ya Mnorwei. Pipa moja lina lita 159, na linauzwa kwa dola katika masoko ambayo Wahindi na Wafaransa wananunua kwa bei zinazokaribiana sana; sisi na Wakenya tunanunua yaliyokwisha kusafishwa, ambayo bei yake huifuata hiyo hiyo. Tuseme pipa ni dola 80 na dola moja ni Sh 2,500: kila lita ya mafuta ghafi, kabla ya kusafishwa na kabla ya kupakiwa melini, inagharimu takriban Sh 1,258 popote ulipo. Nchi ikiuza petroli iliyokwisha kusafishwa kwa bei iliyo chini sana ya hapo, haijagundua ujanja wowote wa biashara. Serikali yake inalipa sehemu ya bei hiyo kutoka kwenye hazina, au, kwa nchi yenye visima vyake, inakubali kupoteza fedha ambazo ingezipata kama ingeyauza mafuta hayo nje. Nchi ikiuza kwa bei ya juu sana, mara nyingi imeweka kodi juu yake.

Ndiyo maana mtu anayeamini kwamba penye kisima pana petroli rahisi hutatizika akifika Norwei. Nchi hiyo inauza nje mafuta mengi, inatoza kampuni za mafuta kodi ya asilimia 78 ya faida, na bado raia wake wananunua petroli kwa bei iliyo miongoni mwa za juu duniani, kwa kuwa serikali iliamua kuweka akiba badala ya kugawa mafuta kwa bei ya kutupa. Iran na Venezuela zilichagua njia nyingine, na zilipojaribu kuiacha, mara kadhaa watu waliingia barabarani. Caracas mwaka 1989 na miji ya Iran mwaka 2019 ni mifano miwili tu. Nigeria ilibeba ruzuku kwa miongo mingi, mpaka Rais Bola Tinubu alipoapishwa tarehe 29 Mei 2023 na kutangaza siku hiyo hiyo kwamba imekwisha. Ndani ya siku chache lita moja ilipanda kutoka chini ya naira 200 hadi karibu naira 500, ingawa visima vilikuwa vile vile na mafuta yalikuwa yale yale.

Sasa tuje kwa majirani zetu. Kenya inatoza petroli Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023. Sisi hatutozi kodi hiyo kwenye petroli, lakini tuna ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara na tozo ya petroli, na mwaka 2021 tozo ya mafuta pekee iliongezwa Sh 100 kwa lita. Kenya pia ilianza mwaka 2023 kununua mafuta kwa mkopo kutoka kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ili kupunguza haja ya kutafuta dola kwa haraka, na mkopo wowote una gharama yake. Uganda haina bandari wala bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kituoni. Mafuta yake kwa sehemu kubwa hupitia Mombasa na bomba la Kenya, na mengine hupakiwa melini Kisumu na kuvuka ziwa hili hili tunalovua. Ukizidisha bei ya Kampala kwa thamani ya fedha ya siku na kuilinganisha na ya Nansio, umelinganisha kodi, bandari, barabara na sarafu za nchi mbili, na mafuta yenyewe ni sehemu tu ya hesabu hiyo.

Hata ndani ya nchi moja bei si moja. Petroli inayofika Mwanza imeshushwa bandarini, mara nyingi Dar es Salaam, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,100, na ya kwako Ukerewe imeongezewa safari ya kuvuka maji. Ukiangalia jedwali la EWURA utaona kila wilaya ina mstari wake, na Ukerewe ipo juu ya Nyamagana. Dagaa wako pia hawana bei moja Kirumba Mwaloni na Lubumbashi, wala hakuna anayesema kwamba tofauti hiyo yote ni wizi wa muuzaji wa Lubumbashi.

Kuna lalamiko jingine linaloendana na hili: bei ya dunia ikishuka leo, kwa nini kituoni haishuki kesho? Bei kikomo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo imebeba gharama za shehena zilizonunuliwa wiki nyingi nyuma, ada za mwagizaji, na thamani ya shilingi dhidi ya dola katika kipindi hicho. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba mmoja wa mafuta ghafi Marekani uliuzwa chini ya sifuri, na nilipokea ujumbe wa watu waliouliza ni lini EWURA ingewalipa wao ili wajaze matangi. Bei ya Mwanza kweli ilishuka mwaka ule, lakini meli, bandari, tozo na lori havikuwa sifuri. Miaka miwili baadaye, Machi 2022, pipa liligusa dola 139, na kuanzia Juni mwaka huo serikali yetu ilitoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Ruzuku hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ni fedha ya umma ambayo ingeweza kufanya kazi nyingine.

Nani, basi, anafaidi? Wa kwanza ni mwenye kisima chenye gharama ndogo ya kuchimba, hasa bei inapopanda. Saudi Aramco, ambayo kwa sehemu kubwa ni mali ya dola ya Saudi Arabia, ilipata faida ya takriban dola bilioni 161 mwaka 2022, na ExxonMobil ya Marekani ilipata karibu dola bilioni 56 mwaka huo huo. Wakati huo sisi tulikuwa tunanunua petroli kwa zaidi ya Sh 3,000. Wa pili ni wasafishaji na wafanyabiashara wa kimataifa wanaonunua shehena mahali na kuziuza pengine, ambao hupata zaidi soko linapotikisika. Wa tatu ni serikali, yetu na za wengine, kupitia kodi. Mwenye kituo cha Igoma au Nansio yuko mwisho kabisa wa foleni hiyo: faida yake imewekewa kikomo ndani ya bei yenyewe na haifikii hata moja ya kumi ya unacholipa, na humo ndani analipa walinzi, umeme na wahudumu. Simtetei anayepunja kipimo, kwa maana wapo, na kwa hao kuna Wakala wa Vipimo. Lakini mwizi wa kipimo hawezi kueleza kwa nini Norwei ni ghali na Venezuela ni rahisi.

Kuhusu bomba, tumaini hilo linahitaji kupunguzwa. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita Kagera na Geita, jirani zetu kabisa, lakini kitakachopita ndani yake ni mafuta ghafi mazito yenye nta, yanayohitaji kupashwa moto njia nzima ili yasigande, na yanakwenda kupakiwa melini. Hayawezi kuingia kwenye mashine ya boti. Sisi hatuna kiwanda cha kuyasafisha. Kile cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kazi hiyo zamani, na leo ni ghala. Tanzania itapata ada ya kila pipa linalopita, kodi, ajira, na gawio la asilimia 15 ambazo TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, inamiliki, wakati TotalEnergies ya Ufaransa inamiliki asilimia 62. Hizo ni fedha za kweli na inafaa tuzifuatilie, ila hazitaonekana kwenye bei ya pampu.

Nimeeleza haya yote ili nifike kwenye madumu, ambayo ndiyo yananiudhi zaidi. Kwa kuwa mafuta ghafi yana bei moja na usafiri hauepukiki, mtu anayekuuzia petroli kwa bei iliyo chini ya kituo kwa mamia ya shilingi anaweza kuwa amekwepa vitu viwili tu: kodi au ubora. Kodi hukwepwa kwa njia inayojulikana. Malori yanayopeleka mafuta Rwanda, Burundi au Kongo hubeba shehena ambayo haijalipiwa tozo za hapa, na baadhi yake humwagwa njiani kinyume cha sheria. Ndiyo sababu tangu mwaka 2010 mafuta ya soko la ndani huwekwa vinasaba, yaani kemikali maalumu za utambulisho: mkaguzi akichukua sampuli na asivione, au akavikuta vimepungua, anajua kwamba mafuta hayo hayakulipiwa au yamechanganywa.

Ubora hukwepwa kwa kuchanganya. Zamani kishawishi kilikuwa mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi yake ili kuua biashara hiyo ya uchakachuaji. Haikufa kabisa. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huwaka vibaya ndani ya mashine yako ya stroku mbili: plagi inajaa masizi, mashine inagoma asubuhi, inagonga ukiivuta kwa nguvu, na pistoni inaungua kabla ya wakati wake. Fundi wa boti atakuambia kosa ni la oili uliyochanganya, nawe utabadilisha oili huku ukiendelea kununua dumu lile lile. Ulichookoa kwenye lita utakilipa kwenye pistoni, na pengine ukiwa katikati ya maji bila mashine, pepo zikianza.

Balaa kubwa zaidi ni pale mchanganyiko unapogeuzwa, yaani mafuta ya taa yanapoingiwa na petroli, kisha yakauzwa kwa chupa kwa anayetumia kibatari nyumbani au karabai ziwani. Taa hiyo haiwaki, inalipuka. Nimeshaulizwa mara nyingi, na watu wenye elimu zao, kama kuna njia ya kutambua kwa kunusa au kwa kulowesha karatasi. Kuna mafundi wa mtaani wanaofundisha mbinu hizo kwa kujiamini kabisa. Pua yako haiwezi kupima kiasi, na karatasi itakuambia tu kwamba kimiminika kimekauka haraka au polepole. Kipimo cha kweli kiko maabara.

Halafu ni hifadhi. Dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula, limefungwa kwa nailoni na kuwekwa chini ya kitanda kambini, hutoa mvuke usioonekana unaotambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Mwezi Septemba 2023, huko Benin, nchi ambayo kwa miaka mingi iliuziwa petroli ya ruzuku ya Nigeria kwa magendo, ghala la mafuta ya namna hiyo liliwaka moto mjini Sèmè-Kpodji na kuua watu zaidi ya 30. Hapa kwetu, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa Msamvu, Morogoro, baada ya lori lililoanguka kuwaka moto huku watu wakichota. Wengi wao walikuwa wanatafuta petroli rahisi.

Kwa upande wako, kabla ya giza lijalo piga *152*00# ufuate maelekezo uone bei kikomo ya Ukerewe, nunua kituoni ambako pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo, na dai risiti ya EFD kila mara. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wako mashine ikiharibika na ukitaka kulalamika EWURA, ushahidi ambao muuza madumu wa usiku hawezi kukupa. Ikiwa matajiri wa mwalo wenu mnatumia petroli nyingi, ombeni kwa pamoja kampuni yenye leseni iweke kituo kidogo kinachokidhi masharti karibu nanyi. EWURA ina utaratibu wa vituo vya vijijini wenye masharti nafuu kuliko ya mjini, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.