Asiyeamini Mungu ana nafasi gani katika mchakato wa kumtangaza mtakatifu?

SWALI: Mimi ni tabibu wilayani Makete. Nililelewa katika familia ya Kikatoliki, lakini kwa miaka mingi sasa siamini kwamba kuna Mungu. Padre Giuseppe Allamano alipotangazwa mtakatifu, niliuliza mbele ya wafanyakazi wenzangu kama uponyaji uliohesabiwa kuwa muujiza wake ulichunguzwa na watu wasio na upande. Nilijibiwa kwamba mambo ya watakatifu ni ya Wakatoliki wenyewe, na asiyeamini anyamaze. Je, sheria ya Kanisa inampa mtu kama mimi nafasi yoyote, au kweli hayanihusu?

JIBU: Ndugu tabibu, wenzako wana haki katika sehemu moja ya jambo hili na wamekosea katika sehemu nyingine. Kila mchakato wa kumtangaza mtakatifu unabeba maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni la ukweli wa mambo: mtu huyu aliishi vipi, alitenda nini, mgonjwa alikuwa na ugonjwa gani na alipona kwa namna gani. La pili ni la ibada, yaani kama anastahili kuheshimiwa altareni na kuombwa na waamini. Hilo la pili halikuhusu, na nisingekushauri upoteze muda wako kwalo, kwa kuwa hakuna anayekulazimisha kumwomba Mtakatifu Allamano. La kwanza lina mlango ulio wazi, tena umefunguliwa na Kanisa lenyewe.

Sheria inayotawala mashauri haya ilitolewa na Papa Yohane Paulo II tarehe 25 Januari 1983, ikafuatiwa na kanuni za utekelezaji mwaka huohuo. Kanuni hizo zinamtaka askofu atangaze hadharani ombi la kufungua shauri na kuwaalika waamini walete taarifa zozote zenye manufaa. Ni kweli kwamba mwaliko unawataja waamini. Hata hivyo, wanaozuiwa kutoa ushahidi ni watu wa aina nyingine kabisa: padre hawezi kutoa ushahidi juu ya yale aliyoyasikia katika kitubio, wala msimamizi wa mchakato hawezi kuwa shahidi katika shauri analolisimamia. Kutokuamini hakumo katika makatazo hayo.

Mfano mzuri zaidi ninaoufahamu unatoka Kanada, na unamhusu daktari. Katika miaka ya 1980, bingwa wa magonjwa ya damu, Dkt. Jacalyn Duffin, aliombwa asome sampuli za uboho bila kuambiwa ni za nani wala zinatakiwa kwa sababu gani. Aliona saratani kali ya damu iliyopungua kwa matibabu, ikarudi, kisha ikapungua tena, na kwa uzoefu wake akadhani mgonjwa alikwisha kufariki zamani. Baadaye akaelezwa kwamba mama huyo yu hai, na kwamba sampuli zile ni sehemu ya shauri la Marie-Marguerite d'Youville. Duffin haamini Mungu, na hakulificha hilo. Ushahidi wake ulipokelewa pamoja na hali yake hiyo, na d'Youville akatangazwa mtakatifu tarehe 9 Desemba 1990. Kilichotafutwa kwake kilikuwa jicho la mtaalamu asiye na sababu ya kutaka jibu lolote mahususi, na kwa kazi hiyo kutoamini kwake kulikuwa faida.

Hapa utaona pia kwa nini hoja ya kwamba "miujiza haiwezekani" haina kazi katika mchakato. Madaktari wanaoitwa hawaulizwi kama muujiza umetokea. Wanaulizwa kama uponyaji ulikuwa wa haraka, kamili na wa kudumu, na kama sayansi ya leo ina maelezo yake. Uhusiano kati ya uponyaji huo na maombi huamuliwa na wanateolojia, baada ya madaktari kumaliza. Katika shauri la Allamano aliyetangazwa tarehe 20 Oktoba 2024, aliyepona ni Sorino, mwanamume wa jamii ya Wayanomami nchini Brazili, ambaye mwaka 1996 alishambuliwa na mnyama wa jamii ya chui akavunjwa fuvu. Ukitaka kuhoji kitaalamu, hoji namna jeraha lilivyokuwa, huduma aliyopewa hospitalini Boa Vista, na yale ambayo fani inayajua kuhusu majeruhi wa aina hiyo. Maswali hayo hata Mkatoliki mwaminifu anapaswa kuyauliza. Swali lako la watu wasio na upande ni halali, na lina uzito zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu mageuzi ya 1983 yaliiondolea ile ofisi iliyopachikwa jina la wakili wa shetani kazi yake ya kulipinga kila shauri. Kwa maoni yangu, pengo hilo linazibwa kwa sehemu kubwa na wakosoaji wa nje, wapende au wasipende. Mwaka 2001 Christopher Hitchens, mwandishi asiyeamini Mungu na mpinzani mkali wa Mama Teresa, aliitwa mjini Washington kutoa maelezo katika shauri lake. Mama Teresa alitangazwa mtakatifu mwaka 2016. Kusikilizwa si kushinda.

Lipo pia shauri lililo karibu nasi zaidi, nalo ni la Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, lililofunguliwa na Jimbo la Musoma. Maisha yake ni historia ya nchi, na sioni Mtanzania anayeweza kuambiwa hayamhusu. Hapa Iringa mtu hawezi kuzungumzia vijiji vya ujamaa bila kumfikia Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa aliyepigwa risasi Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971 na mkulima Saidi Mwamwindi. Mzee aliyehamishwa kijijini kwake miaka ile ana jambo la kueleza, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mtu asiye na dini, na jambo hilo linaweza kumsaidia Mwalimu au kumwelemea.

Kuhusu sheria za nchi, ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katazo hilo linaifunga serikali. Halimzibi mdomo raia, ambaye ibara ya 18 inamhakikishia uhuru wa maoni. Mpaka wake uko katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Kuuliza jinsi uponyaji ulivyochunguzwa hakufiki huko. Kuwakejeli wenzako wakiwa kwenye novena kunaweza kufika, na hata kusipofika ni utovu wa adabu.

Siku ukiwa na taarifa ya kweli kuhusu shauri lolote, mwandikie askofu wa jimbo linaloliendesha, kwa jina lako na sahihi yako, ukitenganisha uliyoyaona mwenyewe na uliyoyasikia. Ujitambulishe kama tabibu, na usione haja ya kuficha kwamba huamini. Lakini kama taarifa hiyo inatoka katika faili la mgonjwa wako, usiambatishe hata karatasi moja bila ridhaa yake ya maandishi, kwa kuwa siri ya mgonjwa inakubana mbele ya askofu kama inavyokubana mbele ya mtu mwingine yeyote.