Jibu: Kijana mpangaji na sera ya nyumba

Mdogo wangu, umeuliza sera ya nyumba inamhusu nini kijana anayepanga chumba kimoja Mwanjelwa, hapa Mbeya. Inakuhusu kuanzia siku unapodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na huna hata godoro. Mimi nilikopa ili niingie chumba mtaa wa Nzovwe, nikaanza kazi nikiwa na deni. Iliniuma sana.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, lakini wengi wetu tunapanga kwa watu binafsi, na bei anapanga mwenye nyumba. Ndiyo maana nakusihi umtazame diwani. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, halmashauri, anamoketi diwani, ndiyo mamlaka ya kupanga mji. Viwanja visipopimwa mapema, watu hujenga kiholela mlimani. Barabara na bomba la maji vikija baadaye, kuna watakaobomolewa. Na vilivyopimwa vikiwa vichache, bei inapaa.

Mgombea udiwani akija mtaani kwenu, muulize: viwanja vingapi vitapimwa, wapi, na kijana ataruhusiwa kulipa kidogo kidogo? Akijibu kwa jumla jumla, muulize tena.