Nilivyomweleza mjukuu wangu kwa nini paka wetu Karafuu alimkwaruza

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtoto akitaka kujua kwa nini paka wa nyumbani anafanya vile anavyofanya, mtu mzima amjibu nini? Nimelea watoto wanne, na sasa nakaa na wajukuu wawili hapa Mji Mkongwe, Unguja. Paka hawajawahi kukosekana ukumbini kwetu. Kwa maoni yangu mtoto aambiwe kwamba paka anasema, kisha afundishwe kumsikiliza. Paka anasema kwa mkia, kwa masikio, kwa macho, hata kwa ngozi ya mgongo. Sisi wakubwa tumezoea kumbandika majina: mnafiki, mwizi, hana shukrani, ana jini. Mtoto akishapewa majina hayo huacha kumwangalia mnyama mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kiume ana miaka sita. Siku moja baada ya chakula cha mchana alinijia analia, mkono una mistari mitatu ya damu. "Bibi, Karafuu mwongo! Kalala chali mwenyewe, nikamkuna tumbo, akanikwaruza!" Tulikwenda bombani kwanza. Jeraha la paka huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na paka akiwa hajulikani au akiuma, mtu aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huweza kukibeba. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo nilimlaza mtoto chali juu ya mkeka, nikamwambia dada yake amtekenye tumboni. Alijikunja kama kamba kabla hajaguswa. Nikamuuliza, mbona wajikunja? Akasema, "Sipendi, naogopa." Basi, nikamwambia, na Karafuu ni hivyo hivyo. Tumboni hamna mbavu za kumkinga, ndimo mlimo na ini na utumbo. Wazee wetu walisema paka hakubali kulala chali, na wanaotumia methali hiyo wengi wanamsema mtu asiyekubali kushindwa. Lakini aliyeitunga alikuwa amemtazama paka vizuri. Paka anapigana mgongo ukiwa juu, na akiangushwa chali hutoa makucha ya miguu yote minne. Kwa hiyo Karafuu anapojinyoosha ukumbini tumbo wazi, anatwambia kwamba ndani ya nyumba hii haogopi mtu. Kukunwa hakukutaka.

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema jambo lililonifurahisha: "Lakini mimi nimesema sitaki. Yeye hakusema." Nikamjibu kwamba alisema mara tatu. Nilikuwa nimekaa pale pale nikichambua mchele, nikaona mkia ukianza kupiga sakafu, masikio yakageuka pembeni, na ngozi ya mgongo ikatetemeka kama maji yaliyopitiwa na upepo. Makucha yalikuja mwisho. (Nami nina kosa langu hapo. Niliyaona yote matatu, nikanyamaza, nikidhani mtoto atamwacha.)

Tangu siku hiyo tumefanya mchezo wa kusoma paka. Jioni tunakaa barazani, na paka wa mtaani kwetu hawaishi kupita. Mkia uliosimama wima kama mlingoti, ncha imepinda kidogo: salamu, anakuja kwa wema. Mkia unaopigapiga: mwache. Hapa watoto wanaofuga mbwa hukosea, kwa sababu mbwa akitikisa mkia mara nyingi amefurahi. Manyoya yote yamesimama na mgongo umepinda: amejaa hofu na anajikuza ili aonekane mkubwa. Mtu mzima akiona hivyo husema "paka mkali", lakini mjukuu wangu siku hizi husema "anaogopa", na yeye ndiye aliyepatia.

Macho yana somo lake. Ukimkodolea paka macho, kwake ni ugomvi. Lakini ukiyafumba taratibu na kuyafumbua taratibu, mara nyingi naye atafumba yake. Jambo hili wapenda paka walilijua zamani, na mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth huko Uingereza walilipima. Waliona kwamba paka hujibu kufumba huko, na humkaribia mgeni aliyewafumbia macho kuliko aliyewatazama bila kuonyesha lolote. Wajukuu wangu humfumbia Karafuu macho kila usiku kabla ya kulala.

Maswali ya watoto hayaishi, na mengi yao huyajibu kwa kisa kimoja. Paka ni mwindaji mdogo, tena ni mdogo kiasi cha kuwindwa yeye mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, na ndugu zake hao wapo mpaka leo katika nyika za Afrika, hata Serengeti. Huko anakamata panya, na huku tai na chui wanamtafuta yeye. Ndiyo maana Karafuu hupenda kulala juu ya kabati, akawaona wote wanaoingia. Hufukia kinyesi chake harufu isimtangaze. Anaamka na kukimbia ukumbi mzima kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu mapambazuko na magharibi ndizo saa za kuwinda, na mchana kutwa analala kutunza nguvu. Mtoto akishakielewa kisa hicho, mengine huyajibu mwenyewe.

Walifikaje majumbani? Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Kisha nawasimulia habari ya kisiwa cha Cyprus, ambako wachimbaji walikuta kaburi la mtu la miaka kama 9,500 iliyopita, na kando yake paka amezikwa. Cyprus haikuwa na paka wa asili. Lazima mtu alimpakia chomboni, akavuka naye bahari. Watoto wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa hilo. Macho yao yanakwenda moja kwa moja forodhani.

Siku moja dada mtu alimpa Karafuu kipande cha halua, akasikitika alipokinusa na kukiacha. Nikamwambia asimlaumu, utamu wa sukari haumfikii. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba paka ana hitilafu katika kinasaba cha kuonja utamu. Yeye ni mla nyama moja kwa moja, na sukari haina kazi kwake. Aliponiuliza tena kwa nini paka anamkanda mapajani kama mtu akandaye unga wa chapati, nilimweleza kwamba vitoto vya paka hukanda hivyo chuchu za mama ili maziwa yatoke. Paka mkubwa akiona raha na usalama hurudia kitendo cha utotoni. Na kule kujisugua shavu miguuni mwetu ni kutupaka harufu yake. Sisi twafukiza udi, naye ana vijifuko vya harufu mashavuni na kwenye paji, anataka watu wote wa nyumba wanukie pamoja.

Nimejifunza pia kuwatahadharisha na jambo moja ambalo hata mimi nililiamini vibaya: kwamba paka akikoroma, ule mngurumo wake wa kooni akiwa macho, basi amefurahi. Mwaka juzi Karafuu alirudi mguu umevunjika. Nilimpakata, akakoroma njia nzima mpaka kwa daktari wa mifugo. Mjukuu wangu akasema, "Amepona, Bibi, anakoroma." Ilinichoma. Paka hukoroma pia akiumwa, pengine ndivyo anavyojituliza. Kwa hiyo mkoromo usisikilizwe peke yake. Umtazame na mwili: amejikunyata? Anakula? Anajificha?

Wajukuu wangu wanasoma madrasa, na huko wamesikia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akatafute chakula chake ardhini. Mimi huwauliza, kosa lake lilikuwa nini? Mkubwa husema njaa. Mdogo, tangu siku ya mkwaruzo, husema, "Alimfungia." Wote wawili sawa, lakini jibu la mdogo limenikaa moyoni zaidi, maana watoto wengi wanaompenda paka ndilo kosa wanalolifanya. Wanambana kifuani akitaka kushuka, wanamvuta chini ya kitanda alikokimbilia. Chumbani petu pana sheria moja: paka akiwa uvunguni hafuatwi.

Wiki iliyopita alikuja mtoto wa jirani, akamkimbilia Karafuu mikono imenyooka. Mjukuu wangu akamshika kanzu. "Subiri, hajakuruhusu. Kaa chini, mpe kidole anuse." Wakachutama. Karafuu akaja, akanusa kidole, akakaa kidogo, kisha akageuka akapanda juu ya kabati. Mgeni akaniangalia, anakaribia kulia. "Amesema baadaye," mjukuu wangu akamwambia, na wote wawili wakakaa mkekani kumsubiri.