Maswali Yenu: Helikopta ya polisi, saa zetu na kompyuta

SWALI: Assalaam alaykum. Nasoma kompyuta Tunguu, na mradi wangu ni programu ya kuweka na kuchambua safari za helikopta ya polisi. Nimejaza safari za majaribio kutoka kwenye fomu za mkono na faili za GPS. Nyengine zinatoa muda hasi, nyengine zinaonesha helikopta imefika kabla ya kuitwa, na safari moja inahesabiwa tatu. Kasoro iko wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Kasoro ni mbili, na kubwa ni ya saa.

Faili ya GPS huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu. Mpokea simu naye ameandika "saa 3:10 usiku" kama tunavyosema sote. Hiyo ni 21:10 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani 18:10 UTC. Ukiiingiza 3:10 kama ilivyo, hesabu yote imeharibika. Kanuni ya kupata UTC kutoka saa tunazotaja ni hii: saa za mchana ongeza 3, za usiku ongeza 15, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Lakini saa 12 na dakika zake ifanye sifuri kwanza, na hapa ndipo wengi huteleza: 12:20 jioni, ambayo huhesabiwa usiku, ni 15:20 UTC, si 03:20.

Tarehe nayo huhama. Wito wa saa 8 usiku, tarehe 5, kwa UTC ni 23:00 ya tarehe 4. Helikopta iliyoruka 23:50 ikatua 00:25 imekaa hewani dakika 35. Ukihifadhi saa bila tarehe utapata hasi. Weka tarehe na saa katika safu moja ya UTC, ugeuze wakati wa kuonesha tu.

Kuna mtego mwengine wa kwetu. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa saa 4", kwa hesabu ya wazee ni Alhamisi baada ya magharibi; mwandika programu asiyejua ataweka Ijumaa, na umekosea saa 24 nzima. Usimlazimishe mpokea simu kufanya hesabu kichwani. Mpe vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha skrini imuulize: "Alhamisi, tarehe fulani, sawa?" Maneno yake ya asili yahifadhi katika safu ya pembeni, yatakufaa siku ya ubishi.

Safari moja kuwa tatu: bila shaka umeiambia programu kwamba kasi ikishuka sana, chombo kimetua. Kwa ndege ya mabawa inafaa. Helikopta inayotafuta ngalawa iliyopotea husimama hewani, kasi sifuri, na haijatua. Ongeza kipimo cha kimo, ila kwa tahadhari: GPS nyingine hutoa kimo ghafi, yaani kisichosahihishwa kufuata usawa wa bahari, na hapa Zanzibar usawa wa bahari kwa kipimo hicho husomeka zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Helikopta iliyo mita 25 juu ya maji itaonekana iko chini. Sahihisha kimo kwanza, ulinganishe na kimo cha ardhi ya mahali hapo. Kisha rubani athibitishe kila mtuo, kwani kumshusha majeruhi kunaweza kuchukua chini ya dakika moja.

SWALI: Fomu zikijazwa vizuri, kuna haja gani ya kinasa safari, kile kifaa kinachorekodi mwenendo wa chombo kikiwa angani?
Msomaji, Wete

JIBU: Ipo haja kubwa. Tarehe 29 Novemba 2013 helikopta iliyokuwa kazini kwa polisi wa Uskochi iliangukia baa mjini Glasgow, wakafariki watu 10. Injini zote mbili zilizimika kwa kukosa mafuta, ilhali tangi kuu bado lilikuwa nayo. Pampu za kuyapeleka kwenye matangi madogo yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Sheria haikuilazimu kuwa na kinasa safari, na haikuwa nacho. Wachunguzi wakabaki kuokoteza kumbukumbu ndani ya vifaa vyengine.

Kwa anayetengeneza programu, maana yake ni kwamba safu moja ya "mafuta" haitoshi. Weka safu kwa kila tangi, na andika kipimo: lita moja ya mafuta ya ndege ni kama kilo 0.8, hivyo lita 200 ni kilo 160 tu.

SWALI: Wito ambao helikopta haikuruka uandikwe?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Uandikwe, pamoja na sababu: hali ya hewa, ubovu, wafanyakazi wamemaliza saa zao, chombo kipo kazini pengine, au wito umefutwa. Bila hivyo, mvua za masika zitaonekana kama miezi ambayo hakuna aliyehitaji msaada. Na unapotoa ripoti ya muda kutoka wito hadi kuruka, usitoe wastani peke yake. Dakika 6, 7, 7, 8 na 62 zina wastani wa 18, wakati namba ya katikati ni 7. Onesha zote mbili, halafu ifungue ile ya 62 usome kilichotokea.