Kusikiliza na kusoma katika mtihani wa gaokao

Umeuliza kama alama za Kiingereza za mwanafunzi wa sekondari nchini China zinaonyesha kweli uwezo wake wa kusikiliza. Kwa maoni yangu, zinauonyesha kwa sehemu tu. Katika karatasi ya kitaifa ya gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Juni, Kiingereza kina alama 150. Kusikiliza kuna 30, kusoma 50. Mazungumzo matano ya mwanzo, mafupi sana, husikika mara moja tu, na yanayofuata mara mbili, huku mtahiniwa akichagua jibu moja kati ya matatu yaliyochapishwa mbele yake, jambo linalofanya hata sehemu hiyo itegemee wepesi wa kusoma. Sehemu ya kusoma naiona imetungwa vizuri zaidi, hasa ile makala yenye mapengo matano yanayojazwa kwa kuchagua kati ya sentensi saba, kwa sababu humlazimu mtahiniwa kufuata mtiririko wa hoja badala ya kuwinda neno linalofanana. Mwalimu anayetaka kupima usikivu wenyewe awape wanafunzi wake pia zoezi la kuandika muhtasari wa walichosikia, bila majibu ya kuchagua.